Kapi la demani limeng'oka kwenye foromali: nitoboe, nichomee au nifunge kwa kamba?

SWALI: "Shikamoo fundi. Nina boti ndogo ya tanga ya faiba, futi 14, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Naiweka Msasani, Dar es Salaam. Mwezi wa nane tulikuwa tunaelekea kisiwa cha Bongoyo, mimi, mke wangu na watoto wawili, upepo wa kusi ukiwa nyuma yetu, tanga likahamia upande wa pili kwa kishindo. Bamba la stenlesi linaloshika kapi (roda) la demani, ile kamba ya kuongozea tanga, katikati ya ule mti wa chini wa tanga likang'oka na ribiti zake zote nne. Hakuna aliyeumia, lakini mti ulipita sentimita chache juu ya kichwa cha mwanangu. Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani ameshauri tupitishe bolti ya milimita 10 kutoka juu hadi chini, au achomee bamba jipya. Mimi nafikiria kuihamishia demani mwishoni, kule tezi (nyuma ya boti), na kuuinua mti wote ili watoto wapite chini yake. Mti ni bomba la aluminiamu, urefu mita 2.6, kipenyo milimita 60. Nifanye lipi?"

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mshukuru Mungu kwa kile kichwa cha mtoto, kisha tuzungumze.

Kwa kifupi: bolti usipitishe, na bamba usichomee. Kapi lifunge kwa kamba kuizunguka foromali yote, yaani huo mti wa chini wa tanga. Demani ihamishie mwishoni kama tezi ya boti yako inaruhusu. Na kabla hujaiinua foromali hata kwa sentimita moja, liwekee tanga lako njia ya kulipunguza, kwa sababu hapo ndipo usalama wa watoto ulipo. Sasa nieleze kwa nini, maana usipojua sababu, fundi mwingine atakuja na wazo lake nawe utamfuata.

Kwanza majina. Huo mti wa chini wengi mjini wanauita "bumu" kwa kulifuata jina la Kizungu. Mimi silitumii, kwa sababu bumu kwetu ni jahazi kubwa lililokuwa likija na kaskazi kutoka Ghuba. Nitauita foromali ya chini, ingawa najua kwamba foromali ya ngalawa hukaa juu na tanga huning'inia kwake. Na demani ninayoitaja ni ile kamba ya kuongozea tanga, si msimu wa kusi ikilegea.

Anza kwa kuzisoma tundu nne zilizobaki. Tundu zinasema, ukizitazama mchana kweupe na ukishazisafisha kwa maji baridi. Ukikuta unga mweupe umezizunguka na rangi imevimba kama ngozi iliyoungua, basi aluminiamu iliyoshika bamba ilikwisha kuliwa zamani, na kile kishindo cha Bongoyo kilimalizia tu. Stenlesi na aluminiamu zikigusana penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, polepole, chini ya bamba mahali usipopaona. Ukikuta tundu zimerefuka kama yai, jua mzigo ulikuwa ukiyumba huku na huku kwa muda mrefu. Na ukikuta tundu ni duara safi, ila vichwa vya ribiti vimepita katikati yake, ribiti zilikuwa laini mno kwa kazi ile, au zilivutwa upande zisioweza kuvutwa.

Hili la mwisho naliona kila mwaka. Ribiti ina nguvu pale mzigo unapotaka kuikata kwa ubavu. Mzigo unaoivuta kwa kichwa, kama mtu anayeng'oa msumari ubaoni, huishinda mapema sana. Bamba lako lilikuwa tumboni mwa foromali na kapi lilikuwa linavuta kwenda chini moja kwa moja, kwa hiyo ribiti zote nne zilikuwa zinang'olewa tangu siku ya kwanza. Aliyeliweka pale hakuwa mjinga, boti nyingi hutoka kiwandani hivyo. Lakini boti hizo huwa zimekusudiwa mtu mmoja au wawili kwenye ziwa au ghuba tulivu, na wewe unaipeleka Bongoyo kwenye kusi na familia.

Sasa mzigo wenyewe. Chukulia foromali ya chini kuwa wenzo. Egemeo lake ni shingo, pale inaposhikana na mlingoti. Pembe ya nyuma ya tanga inauvuta mwisho wa foromali kwenda juu, na demani inauvuta kwenda chini. Tuseme, kwa mfano wa kufahamia tu, tanga linavuta kilo 40 kwenye mwisho, mita 2.6 kutoka mlingotini. Demani ikiwa mwishoni pia, nayo itahitaji kilo 40 kuizuia. Ikiwa katikati, mita 1.3, itahitaji kilo 80. Umbali umegawanywa kwa mbili, mzigo umezidishwa kwa mbili.

Halafu upepo. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 20 kwa saa, ule wa asubuhi nzuri, ukifika kilomita 40 ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa huzitaja kwenye tahadhari zake, zile kilo 80 za katikati zinakuwa 320. Kwa kawaida utakuwa umeilegeza demani kabla ya kufika huko. Lakini tanga linapojigeuza lenyewe upepo ukiwa nyuma, hakuna muda wa kulegeza kitu. Foromali inapata mwendo kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mwendo wote huo unasimamishwa ghafla na kitu kimoja: lile bamba.

Na kuna jambo la tatu ambalo fundi wako wa Gerezani, pamoja na ufundi wake wote wa mageti na madirisha, huenda hakulifikiria. Foromali inayovutwa juu kwenye ncha na chini katikati inapinda kama upinde. Inapopinda zaidi ni palepale penye kapi. Upande wa chini unatanuka, upande wa juu unabanwa, na mbavuni, katikati ya kimo chake, hakuna kinachotokea sana. Sasa fikiria hiyo bolti ya milimita 10. Inatoboa juu na inatoboa chini, yaani inaondoa chuma mahali pawili panapofanya kazi kubwa kuliko kwingine kote, na inafanya hivyo mahali foromali inapopinda zaidi. Kisha utaikaza nati ili isilegee, na bomba la ukuta mwembamba litabonyea. Bomba lililobonyea limeshapoteza umbo lililokuwa likilipa nguvu.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeyapitia. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana na nimetoka kujifunza kazi za boti za Kizungu, nilipitisha bolti ya namna hiyohiyo kwenye foromali ya boti niliyokabidhiwa, nikaona nimefanya kazi imara. Ilidumu msimu mmoja wa kaskazi. Kusi ilipoanza, tukiwa kati ya Bongoyo na Mbudya, foromali ilikatika kwenye tundu, safi kama imekatwa kwa msumeno, na kipande cha nyuma kikabaki kinapigapiga kwenye tanga juu ya watu watatu. Tulirudi kwa tanga la mbele na kasia moja. Baba yangu, aliyekuwa mvuvi wa ngalawa wa Kunduchi, alikitazama kile kipande, akaniuliza swali moja: "Mirengu ya ngalawa umewahi kuiona ina tundu la bolti?"

Sikuwahi. Matengo ya ngalawa, zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, yanapigwa na mawimbi siku nzima, mwaka mzima, na yanashikwa kwenye mirengu, ile miti inayokingama, kwa kamba iliyogangwa vizuri. Kamba hugawa mzigo kwenye mzunguko wote wa mti. Huachia kidogo pale bolti ingevunja. Na jambo ninalolithamini kuliko yote ni kwamba kamba huonyesha inapochoka: inaota manyoya, inabadilika rangi, unaigusa asubuhi na unajua. Bamba la stenlesi hung'aa mpaka dakika linapong'oka.

Kuhusu kuchomea nitapita haraka. Stenlesi haichomelewi kwenye aluminiamu, ni vitu viwili visivyokubali kuungana kwa moto wa karakana. Bamba la aluminiamu linaweza kuchomelewa na fundi mwenye mashine ya gesi ya argoni, lakini aluminiamu ya foromali imepewa ugumu wake kwa joto maalumu kiwandani, na moto wa kuchomea unaulainisha. Mahali palipopata moto panaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu. Utakuwa umeweka bamba imara juu ya bomba lililolegea.

Kabla ya kufunga kamba, hakikisha foromali haina ufa. Chukua mafuta ya taa, paka kwenye zile tundu nne na kuzizunguka, acha robo saa, futa mpaka pawe pakavu kabisa, kisha paka unga wa chaki. Ufa usioonekana kwa macho utakuwa umenywa mafuta, na utayarudisha: mstari mwembamba wa unyevu utajichora kwenye chaki. Ukiuona mstari huo ukitoka kwenye tundu, hiyo foromali isiende tena baharini. Tafuta bomba jingine, au mti. Mvinje mnyoofu uliokaushwa vizuri kivulini unafaa kabisa kwa boti ya ukubwa huo, na wapo mafundi Kunduchi watakaokuchongea kwa siku mbili. Utakuwa mzito kuliko aluminiamu, nao utahitaji mafuta au vanishi, lakini utakutunza.

Kama hakuna ufa, zisafishe tundu, zizungushe kingo zake kwa msasa mwembamba pasibaki ncha kali, na uziachie hapohapo. Usitoboe nyingine karibu yake.

Sasa kuganga kapi, yaani kulifunga kwa kamba. Funika foromali mahali pa kamba kwa ngozi au turubai gumu, upana wa sentimita 8, iliyoshonwa kwa chini ili isizunguke. Chukua kamba ya poliesta ya milimita 5. Izungushe kwenye foromali na kwenye jicho la kapi mara nne, kila mzunguko ukilala kando ya mwenzake bila kupandana, ukivuta kila mmoja kwa nguvu ileile. Mizunguko minne inakupa nyuzi nane zinazobeba. Ukimaliza, pitisha mizunguko mitatu ya kukaza kati ya foromali na kapi, ikizibana zile nyuzi nane pamoja katikati. Mizunguko hii ya kukaza ndiyo inayofanya kazi isilegee, na ndiyo wanayoisahau wanaofunga kwa haraka. Malizia kwa mafundo mawili ya kitanzi nusu, halafu fundo la tatu, na mwisho wa kamba uchome kwa moto usichambuke. Kapi libaki na nafasi ndogo ya kucheza, kama upana wa kidole, ili liweze kugeuka upande demani inakoelekea.

Kamba hii itataka kuteleza kwenda mbele, kwa sababu demani haivuti chini tu. Izuie kwa kamba nyembamba kutoka kwenye mafungo hadi kwenye ncha ya nyuma ya foromali. Ukitaka kuweka kijicho cha kuzuia, kiweke ubavuni, katikati ya kimo cha bomba, kwa ribiti mbili za milimita 4.8. Huko bomba halisikii tundu, na kijicho hakibebi mzigo, kinashikilia nafasi tu. Chini ya kijicho chochote cha stenlesi weka kipande cha plastiki. Mimi nakata kwenye dumu la mafuta ya kula, kwa mkasi, kwa umbo lilelile la kijicho kikiongezwa milimita 2 pande zote. Ribiti zenyewe zichovye kwenye silikoni kabla ya kuziingiza. Gharama yake ni dakika kumi, na vyuma viwili havigusani.

Ukibaki na demani ya katikati, usiirudishe kwenye mafungo mamoja. Weka mawili au matatu, yenye umbali wa sentimita 25 hivi, na makapi madogo mawili badala ya moja. Mzigo unagawanyika na foromali inapinda kwa mkunjo mrefu badala ya kukunjwa mahali pamoja.

Lakini mimi ningeihamishia mwishoni, kama ulivyofikiria. Umeona hesabu: mzigo nusu, na foromali karibu haipindi kabisa, kwa sababu tanga linavuta na demani inajibu mahali pamoja. Kwa boti ya familia hili ni jambo kubwa. Watoto nao hawakai tena na kamba inayokatiza katikati ya boti.

Kuna mambo ya kuangalia, na hapa ndipo huwaona watu wakijuta. Kapi la chini litakaa wapi? Kama tezi yako ni ubao mpana wenye usukani katikati, utahitaji kamba fupi iliyofungwa pembe hadi pembe ya tezi, ikipita juu ya mpini wa usukani, na kapi la chini lishikwe katikati yake. Ifunge iwe ya kimo cha kutosha mpini uzunguke bila kugusa. Zile pembe mbili za tezi zifungwe kwa bolti, hapo bolti zina haki yake, na kwa ndani ya faiba weka kipande cha ubao au bamba pana kama kiganja, kisha nati. Faiba bila ubao nyuma itapasuka kwa duara. Halafu, demani ya mwisho ina tabia moja mbaya: tanga linapohama, kamba iliyolegea hunasa kwenye pembe ya tezi au, kama una injini ndogo, kwenye kichwa cha injini. Ikinasa wakati boti inageuka kwenye upepo, inakulaza. Kwa hiyo jifunze kuivuta demani mpaka foromali iwe katikati kabla tanga halijahama, kisha uiachie taratibu upande wa pili. Kwa kweli ungekuwa unafanya hivyo siku ile ya Bongoyo, bamba lako lingekuwa bado lipo, na nakuambia hivyo kwa upendo.

Nguvu za kuvuta nazo zinabadilika. Kama demani ya katikati ilipita makapi yaliyokupa wepesi wa mara nne, mwishoni mara tatu itakutosha, maana mzigo umepungua. Utahitaji kamba ndefu zaidi, kwa sababu mwisho wa foromali unasafiri mbali kuliko katikati. Nunua yenye unene wa milimita 8 au 10. Nyembamba ingebeba mzigo, lakini itakukata viganja.

Tuje kwenye kuinua foromali, ambako nataka uende polepole. Mketishe mtoto wako mkubwa kwenye benchi anapokaa, umvalishe jaketi la kuokolea, mwambie akae wima, na upime kutoka juu ya kichwa chake hadi chini ya foromali. Kisha lipandishe tanga na utazame juu ya mlingoti: pana nafasi gani kati ya kichwa cha tanga na gofia, lile kapi la juu la kupandishia tanga? Kama pana sentimita 20, unaweza kuiinua shingo sentimita 15 bila kugusa tanga. Kama tanga limeshafika juu kabisa, kuinua foromali maana yake ni kulikata tanga chini.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana dukani. Ukiinua tanga zima sentimita 15, upepo unasukuma juu zaidi. Kwa msukumo wa kilo 40 hilo ni sawa na kumtaka mtu wa kilo 60 akae sentimita 10 nje zaidi ili kuisawazisha boti. Si kubwa, lakini kwa boti ya futi 14 yenye watoto wepesi, hizo sentimita 10 hazipo.

Ndiyo maana nasema anza na kupunguza tanga. Kama tanga lako lina kimo cha mita 4.8, ukikunja sentimita 60 za chini unaondoa karibu robo ya eneo lote, maana chini ndiko tanga lilikopana. Na ona faida yake: tanga lililokunjwa sentimita 60 limeacha nafasi juu ya mlingoti. Sasa waweza kuinua shingo ya foromali sentimita 20, na kichwa cha tanga bado kitakuwa chini kuliko zamani kwa sentimita 40. Watoto wanapata nafasi, na upepo unasukuma tanga dogo zaidi. Baadhi ya boti za aina hiyo zina shingo inayoteleza kwenye mfereji wa mlingoti, ikazuiwa kwa pini. Kama yako ni hivyo, kazi imekwisha: weka alama mbili kwa rangi, moja ya tanga zima, moja ya tanga la watoto. Kama shingo imefungwa kwa ribiti, ongeza shingo ya pili juu yake, ribiti zikae mbavuni mwa mlingoti ambako zitabeba kwa ubavu.

Kazi ya tanga ipeleke kwa fundi anayeshona turubai kwa mashine inayopiga mshono wa nyokanyoka, na umpe uzi wa poliesta mwenyewe. Uzi wa pamba utaliwa na jua la Dar kabla ya mwaka kwisha. Atie viraka vya tabaka tatu kwenye pembe mbili mpya, ya mbele na ya nyuma, kila kimoja na pete ya chuma, na katikati vijicho vidogo vitatu vya kufungia nguo iliyokunjwa. Vijicho hivi vya katikati havibebi mzigo. Ukivifunga kwa nguvu vitalichana tanga, navyo vipo kwa ajili ya kukusanya kitambaa tu.

Pembe ya mbele itashikwa kwa ndoano shingoni. Pembe ya nyuma ndiyo yenye siri. Kamba yake ianzie kwenye foromali, ipande hadi kwenye pete, ishuke upande wa pili hadi kwenye kapi dogo, kisha ije mbele unakoweza kuifikia. Lile kapi lisikae chini ya pete kamili. Lisogeze nyuma kidogo, sentimita 5 hadi 8, ili kamba ivute tanga chini na pia nyuma kwa wakati mmoja. Likiwa mbele, tanga linakuwa mfuko, na mfuko kwenye upepo mkali unailaza boti kuliko tanga zima lililonyooka. Jaribu nyumbani, foromali ikiwa imefungwa kwenye mti wa mwembe, mpaka uweze kupunguza tanga bila kuangalia mikono yako.

Kamba ya kubana, ile inayotoka chini ya mlingoti kwenda kwenye foromali ili isiruke juu, usiikaze sana upepo ukiwa nyuma au pembeni. Boti ikilala, ncha ya foromali huchovya majini. Ikiwa imebanwa, haina pa kwenda, na hapo ndipo foromali nzima nzima huvunjika. Iweke mahali mkono wako unaifikia, ikiwa na kishikio kinachoachia kwa mvuto mmoja.

Kwa kuwa mlingoti utaushusha, pitisha kitambaa cha pamba kwenye waya zake zote tatu kutoka juu hadi chini. Kitambaa kikinasa, uzi mmoja umekatika. Uzi mmoja ukikatika, waya huo umekwisha, na wa upande wa pili, wenye umri uleule, uubadilishe siku hiyohiyo. Tazama zaidi pale waya unapoingia kwenye kichwa chake cha kubanwa upande wa chini, kwa maana huko ndiko chumvi hukusanyika. Sumaku itakusaidia kutambua chuma kilichopakwa rangi ya fedha kinachouzwa kama stenlesi, kwani kitanasa kwa nguvu. Haitakusaidia kutofautisha stenlesi ya 304 na ya 316, na ya baharini ni 316. Hiyo tafuta imeandikwa kwenye kifaa chenyewe. Kwenye bolti utaona A4.

Kuhusu kamba, madukani kila kitu huitwa nailoni. Omba kipande cha kiganja kimoja, kitie kwenye beseni la maji. Kikielea, ni polipropilini, ya kufungia mizigo. Jua litaigeuza vumbi, usiitumie kwenye mlingoti. Kikizama, ni nailoni au poliesta. Sasa chukua urefu wa mita mbili, ufunge kwenye nguzo na uuvute kwa uzito wako wote. Ikinyumbuka waziwazi kama mpira ni nailoni, nzuri kwa nanga, mbaya kwa jarari, ile kamba ya kupandishia tanga, na kwa mafungo, kwa sababu italegea kila inapolowa. Isiyonyumbuka ndiyo unayoitaka. Kumbuka pia kwamba kila fundo hula sehemu kubwa ya nguvu ya kamba, mara nyingine karibu nusu, kwa hiyo usinunue inayotosha kwa shida.

Ukishamaliza, jaribu kwanza nchi kavu. Isimamishe boti wima kwenye mchanga, shika mlingoti usiyumbe, ncha ya foromali ikiwa imeshikwa juu, na utundike madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji kwenye kapi jipya. Yaache yaning'inie saa nzima. Mafungo yatajikaza na kulegea kidogo mara ya kwanza. Yafungue, yagange upya, sasa kamba ikiwa imeshajinyoosha.

Kisha subiri maji mafu, siku bahari inapojaa na kupwa kidogo, mkondo usikusumbue, na utoke asubuhi bila watoto. Baki ndani ya ghuba ya Msasani ambako rasi inazuia mawimbi ya kusi, na usivuke ncha ya rasi siku hiyo, maana ukiivuka tu upepo unakupiga mzima mzima bila kukuandaa. Hamisha tanga upande hadi upande mara ishirini, upepo ukiwa nyuma, kila mara ukivuta demani hadi katikati kwanza. Weka mke wako kwenye usukani kwa kumi kati ya hizo, kwa sababu siku utakapoteleza ukaumia mkono, yeye ndiye atakayewarudisha watoto pwani. Ukifika, kabla hujashusha tanga, pitisha vidole kwenye zile nyuzi nane, mmoja baada ya mwingine. Zote zikiwa ngumu sawasawa, wiki inayofuata wapeleke Bongoyo, tanga likiwa limekunjwa tangu ufukweni. Mmoja ukiwa laini kuliko wenzake, gange tena, na unitumie picha nione ulipoanzia.